Manowari Moja, Bendera Tatu: Maisha ya Kruza Achilles na Suala la Vyombo vya Dola

Katika kila nchi iliyopata kutawaliwa, siku ya uhuru huleta swali ambalo halijibiwi kwa kupandisha bendera mpya. Mkoloni ameondoka, lakini vyombo vyake vimebaki: jeshi, polisi, mahakama, magereza, bandari, reli, ofisi na mafaili yake. Vyote hivyo viliundwa ili kumlinda yeye na mali yake. Je, vinaweza kuutumikia umma ule ule ambao jana viliugandamiza?

Majibu mawili ya haraka hutolewa mara kwa mara, na yote mawili yana kasoro. Jibu la kwanza husema kwamba chombo ni chombo tu. Jembe halina siasa, na bunduki haina siasa. Mpe mwenye nchi, basi kazi imekwisha. Jibu la pili husema kwamba kilichozaliwa na ukoloni kitabaki kuwa cha kikoloni hata kikipakwa rangi mpya, na kwa hiyo dawa yake ni kukivunja. Wa kwanza wanasahau kwamba chombo huja na mazoea, na sheria, na wakufunzi, na vipuri vyake. Wa pili wanasahau kwamba historia haimpi mtu aliyejikomboa kiwanja kitupu cha kujengea. Hujenga kwa matofali yaliyopo.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza suala hili kwa mfano wa chombo kimoja: manowari iliyoundwa Uingereza kati ya vita kuu mbili, ikatumikia New Zealand, kisha ikatumikia India huru kwa miaka 30. Ilizaliwa ikiitwa Achilles. Ilikufa ikiitwa Delhi. Tumechagua meli kwa sababu maisha ya meli yana mwanzo na mwisho unaojulikana, na wamiliki wake wanahesabika. Hivyo ni rahisi kuona kilichobadilika na kisichobadilika kila bendera ilipobadilishwa.

KRUZA NYEPESI NI NINI?

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walilifahamu neno manowari kwa uchungu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga jumba la Sultani Unguja kwa muda usiozidi saa moja, na mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa, ili tu ijulikane ni nani mwenye haki ya kuchagua mtawala wa kisiwa kile. Na katika vita kuu ya kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika vijito vya delta ya Rufiji mpaka ilipoangamizwa mwezi Julai 1915. Königsberg ilikuwa ya jamii ile ile tunayoizungumzia hapa: kruza nyepesi.

Kruza ni manowari ya kutembea mbali. Si kubwa wala haina silaha nzito kama zile manowari kuu zilizokusudiwa kupambana uso kwa uso na kundi zima la adui. Lakini ina mbio, inabeba mafuta ya kuiwezesha kuvuka bahari, na mizinga yake inatosha kuitisha meli yoyote ya biashara na mji wowote wa pwani. Baada ya vita kuu ya kwanza, mataifa makubwa yalikubaliana kupunguza mashindano ya kuunda manowari, kwanza kwa mkataba wa Washington wa 1922, kisha kwa mkataba wa London wa 1930. Mkataba wa London ndio uliozigawa kruza katika mafungu mawili: zile zenye mizinga ya kipenyo cha zaidi ya milimita 155, na zile ambazo mizinga yake haizidi kipimo hicho. Hizi za pili ndizo zilizokuja kuitwa nyepesi. Wepesi huo, basi, haukuwa wa uzito wa meli bali wa mzinga.

Uingereza iliruhusiwa kuwa na jumla ya tani 192,200 za kruza za namna hii, na ilipendelea ziwe nyingi na ndogo kuliko chache na kubwa. Sababu yake ni ya kiuchumi. Himaya iliyotawanyika kutoka Kanada hadi Malaya iliishi kwa njia za baharini. Sufi na nyama za New Zealand, mpira wa Malaya, mafuta ya Ghuba, chai na pamba ya India, vyote vilipita majini kwenda kwenye viwanda, maghala na mabenki ya Uingereza. Palihitajika mlinzi katika kila njia. Mlinzi huyo alikuwa na kazi mbili: kuzuia taifa jingine la kibeberu lisiinyang'anye mali hiyo, na kuwakumbusha wenye mali hiyo, yaani watu wa makoloni, kwamba bwana yupo.

KUZALIWA KATIKATI YA MGOGORO

Mkuku wa Achilles uliwekwa mwezi Juni 1931 katika kiwanda cha meli cha Cammell Laird mjini Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa kibepari. Miezi miwili baadaye serikali ya chama cha Labour ilivunjika kwa kushindwa kukubaliana juu ya kupunguza posho za wasio na kazi. Serikali ya mseto iliyofuata ikatangaza kupunguza mishahara ya watumishi wa dola, wakiwemo wanamaji. Hapa tuangalie namna mzigo ulivyogawanywa: kwa wengi upungufu ulikuwa kiasi cha asilimia 10, lakini mabaharia wa ngazi ya chini waliokuwa kwenye mshahara wa zamani walikatwa shilingi moja katika shilingi zao nne kwa siku, yaani asilimia 25.

Katikati ya mwezi Septemba 1931, mabaharia wa manowari zilizotia nanga Invergordon, Scotland, walikataa kung'oa nanga. Maelfu walishiriki. Hawakuua mtu, wala hawakupindua serikali. Walikusanyika mbele ya sitaha, wakaimba, wakapiga makelele ya kushangilia kutoka meli hadi meli ili kila moja ijue kwamba nyingine bado imeshikilia. Mgomo wa siku mbili uliwafanya wakubwa walegeze makato. Pia ulitikisa soko la fedha, na tarehe 21 Septemba Uingereza ikaacha kuifungamanisha paundi yake na dhahabu. Baadaye mabaharia wengi walioonekana kuwa vinara walifukuzwa kazi kimya kimya.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Septemba 1932, Achilles ilishushwa majini. Mwezi huo huo mitaa ya Birkenhead ilijaa ghasia. Wasio na kazi walikuwa wakiandamana kupinga utaratibu wa kupekua mali ya kila nyumba kabla ya kuipa posho, na wakapambana na polisi kwa siku kadhaa. Basi katika mji mmoja, katika mwezi mmoja, tunaona pande mbili za dola ile ile. Fedha za kuunda kruza zilipatikana. Fedha za kumlisha mfanyakazi aliyekaa bure karibu na geti la kiwanda zilibidi kugombewa barabarani.

Achilles ilikamilika mwezi Oktoba 1933. Ilikuwa na urefu wa kiasi cha mita 169 na uzito wa tani zaidi ya 7,000. Ilibeba mizinga minane ya milimita 152, miwili miwili katika vibanda vinne vya chuma vinavyozunguka, na ilienda mbio za karibu kilomita 60 kwa saa. Mabaharia wake walizidi 550. Ilikuwa moja kati ya tano za aina yake, nyingine zikiwa Leander, Ajax, Neptune na Orion.

POLISI WA BAHARI YA KUSINI

Mwaka 1936 Achilles ilipelekwa kutumikia kikosi cha New Zealand cha jeshi la wanamaji la Uingereza. Jina la kikosi lenyewe linaeleza hali ya mambo: New Zealand ilikuwa na serikali yake, lakini haikuwa na jeshi lake la majini. Ilichangia gharama na watu, na meli zilibaki za Uingereza.

Inafaa tujue kruza zilizotangulia zilikuwa zimefanya kazi gani huko. New Zealand yenyewe ni nchi iliyojengwa na walowezi juu ya ardhi ya Wamaori, na baada ya vita kuu ya kwanza ilikabidhiwa pia kuitawala Samoa ya Magharibi. Wasamoa walianzisha chama cha Mau kudai haki ya kujitawala, na mwendo wao ulikuwa wa amani. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi waliwapiga risasi waandamanaji mjini Apia. Wasamoa kadhaa waliuawa, akiwemo kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi wa Tatu. Mwezi Januari 1930 kruza nyepesi Dunedin iliwasili kutoka New Zealand, ikateremsha askari na mabaharia kwenda porini kuwasaka wafuasi wa Mau. Hiyo ndiyo maana halisi ya maneno "kulinda njia za bahari".

Hata hivyo, mwaka 1936, mwaka ule ule Achilles ilipofika, serikali mpya ya chama cha wafanyakazi huko New Zealand iliacha kuwawinda watu wa Mau na kukitambua chama chao kuwa halali. Kusakwa kwa Wasamoa hakukukoma kwa sababu kruza mpya ilikuwa na chuma chema zaidi kuliko ile ya zamani. Kulikoma kwa sababu Wasamoa hawakukata tamaa, na kwa sababu wapigakura wa New Zealand walikuwa wamebadilisha serikali. Mizinga ilibaki pale pale, ila amri ndiyo iliyobadilika. Samoa ya Magharibi ilipata uhuru wake tarehe 1 Januari 1962.

MTO PLATE, 1939

Vita kuu ya pili ilipoanza, manowari ya Kijerumani Admiral Graf Spee ilikuwa tayari baharini ikiwinda meli za biashara. Ilizama nazo tisa katika bahari ya Atlantiki na bahari ya Hindi. Moja yao, meli ndogo ya mafuta iitwayo Africa Shell, ilizamishwa karibu kabisa na pwani ya Msumbiji mwezi Novemba 1939.

Tarehe 13 Desemba 1939, nje ya mlango wa mto Plate, Amerika ya Kusini, kruza tatu ziliikabili Graf Spee: Exeter yenye mizinga mizito kiasi, pamoja na Ajax na Achilles. Kwa hesabu ya silaha, Graf Spee ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko yeyote kati yao. Mizinga yake sita ya milimita 280 ilitupa makombora mazito kupita kiasi kwa meli za namna ile, na ilifika mbali zaidi. Komodoro Harwood hakuzipanga meli zake katika mstari mmoja. Exeter ilishambulia kutoka upande mmoja, Ajax na Achilles kutoka upande mwingine, ili adui ama agawanye mizinga yake ama aache upande mmoja bila kujibiwa. Exeter iliumizwa vibaya mno na kupoteza watu 61. Lakini kila Graf Spee ilipotaka kuimaliza, kruza mbili nyepesi ziliisogelea na kuilazimisha kugeuza mizinga. Baada ya muda usiofika saa moja na nusu Mjerumani alikimbilia bandari ya Montevideo, naye akiwa ameumia. Tarehe 17 Desemba nahodha wake aliitoa nje ya bandari na kuizamisha kwa mikono yake mwenyewe.

Ndani ya Achilles walikufa watu wanne. Sehemu kubwa ya mabaharia wake walikuwa vijana wa New Zealand, na walipandisha bendera ya nchi yao wakati wa mapigano. Makada wanapaswa kulipima tukio hili kwa uangalifu. Himaya iliyokuwa ikilindwa ilikuwa himaya ya unyonyaji, lakini adui wa siku ile alikuwa dola ya kifashisti, na ushindi wake ungekuwa msiba mkubwa zaidi kwa wafanyakazi na kwa makoloni. Mkinzano huo ulikuwa wa kweli, na haufutwi kwa kuchagua nusu yake moja. Tena vita vyenyewe viliukuza mkinzano mwingine: watu walioombwa damu yao walianza kudai chombo chao. Tarehe 1 Oktoba 1941 kikosi cha New Zealand kiligeuzwa kuwa jeshi la wanamaji la New Zealand. Achilles ilikuwa imepata bendera ya pili, ingawa mwenye meli alibaki London.

Meli iliendelea kulipa. Tarehe 5 Januari 1943, karibu na visiwa vya Solomon, bomu la ndege ya Kijapani lilipiga kibanda kimoja cha mizinga na kuua mabaharia 13. Ilipopelekwa Portsmouth kutengenezwa, mlipuko mwezi Juni mwaka huo uliua watu, wakiwemo wafanyakazi wa karakana. Majina ya wafanyakazi wa karakana ni nadra kusomwa katika sherehe za ushindi, lakini bila wao manowari haiendi popote. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, Achilles ilirudishwa Uingereza.

MABAHARIA WA BOMBAY

Ili tuelewe bendera ya tatu, inatubidi tuiache meli bandarini kwa muda, twende India.

Tarehe 18 Februari 1946, mabaharia wa Kihindi katika chuo cha mawasiliano cha Talwar, Bombay, waligoma. Malalamiko yao ya kwanza yalikuwa chakula kibovu, mishahara midogo kulinganisha na ya Waingereza, na matusi ya ubaguzi kutoka kwa mkuu wao. Katika siku chache mgomo ulienea kutoka Karachi hadi Calcutta, ukahusisha manowari 78 na mabaharia kiasi cha 20,000. Madai yakapanda kutoka sahani ya chakula hadi kufunguliwa kwa wafungwa wa kisiasa na kuondolewa kwa majeshi ya India kutoka Indonesia, ambako yalikuwa yakitumiwa dhidi ya watu waliokwisha kujitangazia uhuru. Juu ya milingoti zilipandishwa pamoja bendera ya Congress, bendera ya Muslim League na bendera nyekundu. Wafanyakazi wa Bombay waligoma kuwaunga mkono, na zaidi ya watu 200 waliuawa mitaani na polisi na askari.

Mgomo ulikwisha tarehe 23 Februari, baada ya viongozi wa Congress na wa Muslim League kuwashauri mabaharia wajisalimishe. Mabeberu walielewa vizuri kuliko wote maana ya siku zile tano: dola ambayo wanamaji wake hawaitii haiwezi kutawala nchi ya mamia ya mamilioni. Mwezi Agosti 1947 India ikawa huru, na Pakistan pia. Lakini mabaharia mia kadhaa walioachishwa kazi kwa ajili ya mgomo hawakurudishwa kazini, wala katika jeshi la India huru wala katika la Pakistan. Viongozi wapya waliogopa jeshi lenye desturi ya kugoma, hata kama liligoma kwa ajili ya taifa.

Tarehe 5 Julai 1948, Achilles iliyokuwa imenunuliwa na India ilianza utumishi wake mpya ikiitwa Delhi. Tulitazame jambo hili jinsi lilivyokuwa. Kirasmi ilikuwa "meli ya Kihindi ya Mfalme", kwa maana India ilikuwa bado chini ya taji la Uingereza, na iliendelea hivyo mpaka jamhuri ilipotangazwa tarehe 26 Januari 1950. Nahodha wake wa kwanza chini ya jina jipya alikuwa Mwingereza. Baadaye ndipo ilipokabidhiwa kwa Mhindi, R. D. Katari. Na jeshi zima la wanamaji la India liliongozwa na maofisa wa Kiingereza mpaka mwezi Aprili 1958, Katari huyo huyo alipokuwa Mhindi wa kwanza kulishika. Miaka kumi na zaidi ilipita kati ya uhuru wa nchi na uhuru wa daraja la juu la chombo hicho.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Meli ilikuwa imenunuliwa, lakini ujuzi wa kuiongoza ulikuwa bado wa kuazima, na vipuri na makombora yake yalitoka kwa muuzaji. Wapo waliosema kwamba kusubiri kulikuwa lazima, maana ofisa wa majini hafundishwi kwa mwezi mmoja. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijitoshelezi. Ni lazima iulizwe: kwa nini wakati wa ukoloni wote Wahindi waliajiriwa kuchochea moto na kufua shaba za meli, na wachache mno wakafundishwa kuamuru? Upungufu wa wataalamu siku ya uhuru ni matokeo ya mpango, hauanguki kutoka mbinguni.

Hata hivyo, matumizi ya meli yalianza kubadilika. Mwezi Juni 1950 Nehru alisafiri kwenda Indonesia ndani ya Delhi. Miaka minne tu kabla ya hapo mabaharia wa Bombay walikuwa wakidai majeshi ya Kihindi yaache kutumiwa dhidi ya Waindonesia. Sasa kruza iliyoundwa kuilinda himaya ilimpeleka waziri mkuu wa nchi iliyotoka katika himaya hiyo kuwasalimia majirani waliomshinda Mholanzi. Kwa upande mwingine, katikati ya miaka ya 1950 meli hiyo hiyo ilitumiwa katika filamu ya Kiingereza juu ya mapigano ya mto Plate, ikiigiza nafasi yake yenyewe. Kwa siku chache za kupiga picha ilirudi kuwa Achilles. Bendera ya taifa huru ilishushwa kwa ajili ya mchezo, kisha ikapandishwa tena.

DIU, DESEMBA 1961

Mwaka 1961 bado Ureno ilishikilia Goa, Daman na Diu katika pwani ya India, ikidai kwamba haya hayakuwa makoloni bali mikoa ya Ureno. Dai hilo hilo ililitumia kwa Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Pwani yetu ina historia na Goa. Gavana mkuu wa Wareno aliyekaa Goa ndiye aliyekuwa bwana wa pwani yote ya Afrika Mashariki walipoitawala. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa chini ya amri yake, na Msumbiji haikutenganishwa na serikali ya Goa mpaka 1752. Kamba iliyomfunga Mswahili wa karne ya 16 na ile iliyomfunga Mgoa ilishikwa na mkono mmoja.

India ilijaribu njia ya mazungumzo kwa miaka 14. Tarehe 15 Agosti 1955 watu wasio na silaha waliovuka mpaka kuingia Goa walipigwa risasi, na zaidi ya 20 wakauawa. Mwezi Aprili 1961 vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno vilikutana Casablanca, vikaunda umoja wao, na wazalendo wa Goa walikuwamo pamoja na wale wa Afrika. Umoja huo ndio uliofanya mkutano wake wa pili mjini Dar es Salaam mwezi Oktoba 1965.

Usiku wa kuamkia 18 Desemba 1961 majeshi ya India yaliingia. Delhi ilipewa kisiwa cha Diu, ambako Wareno walipinga kwa ukaidi na kuwazuia askari wa nchi kavu. Mizinga ile ile iliyofyatuliwa mto Plate ilifyatuliwa kuwasaidia askari hao. Salazar alikuwa ameamuru watu wake wapigane hadi kufa. Gavana wake, Vassalo e Silva, hakuona maana ya kuiteketeza Goa, akajisalimisha tarehe 19 Desemba. Baadaye alifukuzwa jeshini kwa sababu hiyo. Utawala wa miaka 451 ulikwisha kwa muda wa siku mbili.

Siku hiyo ya 18 Desemba, katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilileta azimio la kuitaka India irudishe majeshi yake. Lilipata kura saba dhidi ya nne, likaangushwa kwa kura ya turufu ya Umoja wa Kisovieti. Nchi nyingine tatu zilizokataa zilikuwa Ceylon, Liberia na Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Waliosimama na India, mbali na Wasovieti, walitoka Asia na Afrika. Mabeberu ambao miaka 65 kabla waliipiga Unguja kwa suala la urithi wa ufalme waligundua ghafla kwamba ni vibaya kutumia manowari.

Hatusemi kwamba Diu ndiyo iliyoikomboa Msumbiji. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na ililazimika kupigana kwa miaka kumi, kuanzia 1964, kabla ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975. Lakini baada ya Goa, hakuna aliyeweza tena kusema kwamba himaya ya Ureno ni kitu kisichoanguka.

Wala hatusemi kwamba mzinga ulimaliza mambo ya Goa yenyewe. Walikuwepo waliotaka Goa imezwe na jimbo jirani la Maharashtra. Tarehe 16 Januari 1967 Wagoa walipiga kura, na walio wengi wakakataa. Mwaka 1987 Goa ikawa jimbo kamili la India. Manowari inaweza kumtoa mkoloni mlangoni. Namna ya kuishi ndani ya nyumba huamuliwa na wenye nyumba.

MWISHO WA MELI NA MASOMO YAKE

Delhi ilizeeka. Katika miaka yake ya mwisho ilitumika kufundishia mabaharia, na tarehe 30 Juni 1978 iliondolewa katika utumishi na kuvunjwa. Kibanda chake kimoja cha mizinga India iliizawadia New Zealand, nacho kimewekwa katika kambi ya wanamaji ya Devonport, Auckland.

Kabla ya hapo, mwaka 1972, India ilikuwa imekamilisha manowari Nilgiri katika kiwanda cha Mazagon, Bombay. Mchoro wake ulikuwa bado wa Kiingereza, lakini mikono iliyoichomea vyuma ilikuwa ya Kihindi. Na mwezi Novemba 1997 Delhi ya pili, iliyoundwa katika kiwanda hicho hicho, iliingia katika utumishi. Ya kwanza ilinunuliwa ikiwa imechakaa. Ya pili ilitengenezwa nyumbani. Ilichukua karibu miaka 50. Hata hiyo ya pili mitambo yake ya kuisukuma ilitoka Ukraine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ila kujitegemea nako ni njia ndefu inayotembewa hatua kwa hatua.

Sasa tunaweza kurudi kwenye majibu mawili tuliyoanza nayo. Kwa wale wasemao chombo ni chombo tu, tunajibu: bendera ilibadilika 1948, lakini amri ya juu haikubadilika mpaka 1958, na manowari Nilgiri haikukamilishwa nyumbani mpaka 1972. Katika kipindi hicho chote, wale waliogoma kwa ajili ya taifa walikuwa nje ya geti. Kwa wale wasemao chombo cha mkoloni hakifai kitu, tunajibu: mizinga iliyoundwa Birkenhead ilisaidia kumfukuza Mreno kutoka Diu.

Kwa hiyo kada anayetazama chombo chochote cha dola, kiwe meli, kiwe benki, kiwe ofisi ya wilaya, asitosheke kusoma jina lililoandikwa ubavuni mwake. Aulize nani anayeamuru, na kwa faida ya nani. Aulize nani mwenye ujuzi wa kukiendesha na kukitengeneza kinapoharibika. Na aulize wale wa daraja la chini kabisa wanatendewaje ndani yake: wanakula nini, wanalipwa nini, wanapolalamika wanasikilizwa au wanaandikwa majina. Invergordon mwaka 1931 na Bombay mwaka 1946, chini ya bendera ya mfalme mmoja, swali hilo la mwisho lilipuuzwa, na mara zote mbili jibu lilitoka sitahani. Serikali zinazoamini kwamba bendera mpya imelimaliza swali hilo zinapaswa kuwakumbuka mabaharia wa Talwar, ambao walianza kwa kudai chakula.